Njoo, Usije: Historia ya Katazo la Kiswahili Katika Bonde la Ruvu

Mfundishe mgeni Kiswahili, na siku ya kwanza tu atajua kusema njoo. Siku ya pili atakuuliza namna ya kulikanusha neno hilo, na hapo utakuna kichwa. Hakuna "sinjoo", hakuna "usinjoo". Ukitaka mtu asifike kwako unamwambia usije, na ndani ya usije ile njoo haipo hata kwa dawa. Nenda nayo hupungua: tunasema usiende, ile n ya mwanzo imeshapotea njiani. Ukimkaribisha mtu mezani unamwambia kula. Ukimzuia unasema usile, na ku imekwenda zake.

Vijana wa Arusha wanaojifunza Kihispania ili waongoze watalii hukutana na kisa hicho hicho wakiwa upande wa pili wa meza. Kwa Kihispania kumwita mtu ni ven, na kumkataza asije ni no vengas. Nenda ni ve, usiende ni no vayas. Aliyezoea Kiingereza huona huo ni ukorofi, kwa kuwa yeye huchukua amri ile ile akaibandika kikanushi mbele, basi. Mswahili hana sababu ya kulalamika. Lugha yake inafanya hivyo hivyo, na ilikuwa ikifanya hivyo kabla Mhispania yeyote hajaikanyaga pwani hii.

Historia ya usi- inaweza kusimuliwa kutoka Unguja au Mombasa, na wengi wamezoea kuanzia huko. Mimi naisimulia kutoka Makuyuni. Si Makuyuni ya Monduli wanakopita wageni wa Ziwa Manyara. Ni ile ya Korogwe, penye makuyu, yaani matunda ya mkuyu, kwenye njia ya Mombo. Ukitoka Korogwe, mkono wa kulia unayo milima ya Usambara. Mkono wa kushoto uko mto Ruvu, ambao watu wa chini huuita Pangani, na ng'ambo yake ni Uzigua na Handeni. Katika bonde hili jembamba wamepita wafalme, misafara, wamisionari, reli, mkonge na chama. Kila aliyepita alikuwa na la kukataza, na alilikataza kwa namna yake.

KABLA YA KALAMU

Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993 kuhusu historia ya Kiswahili na ndugu zake, wanakiweka Kiswahili katika kundi la Sabaki pamoja na Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro. Kisambaa, Kibondei, Kizigua na Kinguu wanaziweka katika kundi la Seuta. Makundi hayo mawili, pamoja na Kipare na lugha za kundi la Ruvu (jina la mto mwingine, si huu wetu), ni matawi ya shina moja la Kibantu cha pwani ya kaskazini mashariki. Kwa hiyo Kiswahili kilipokuja kupanda bondeni kutoka Pangani na Tanga hakikuja kama mgeni kabisa. Kilikuja kama binamu aliyelelewa mjini.

Jambo moja walilorithi mabinamu hawa ni kwamba ukanushi una makao mawili. Ya kwanza yako mbele ya kiambishi cha mtenda: hasomi, hatusomi, hawasomi. Hiyo ni kauli ya kueleza jambo lilivyo. Makao ya pili yako nyuma ya mtenda: asisome, asiyesoma, asiposoma. Hayo ni ya kauli inayotegemea nyingine, au inayotamani, au inayotaka jambo liwe. Kisambaa na Kizigua nazo hazikatazi kwa ukanushi ule ule wa kauli ya kueleza. Na kile kiishio -e, kinachoonekana katika asome na tusome, wataalamu wanakirudisha hadi Kibantu mama. Maana yake ni kwamba viungo vyote vya usisome vilikuwa tayari jikoni kabla ya mji wa kwanza wa pwani kujengwa.

Sasa tazama kilichomo na kisichokuwamo. Katika amri soma mtu hatajwi. Neno liko uchi, halina mtenda, limerushwa tu hewani. Katika usisome mtu anatokea: ile u ni wewe. Kiswahili kinapoamuru hakikutaji, na kinapokataza kinakutaja. Kihispania vivyo hivyo: habla, sema, haina alama ya nafsi, no hables, usiseme, ina s mwishoni, na s hiyo ni wewe. Tena ile -e ya hables, kama -e ya usiseme, ni ya umbo la kutamani na kuomba, wala si ya amri. Kufanana kwa irabu ni bahati tu, nisije nikaeleweka vibaya. Kihispania kilirithi mtindo wake kutoka Kilatini, ambacho nacho kiliogopa kukataza kwa amri kavu, kikawa ama kinatumia hali ya kutamani, ama kinasema "usitake kufanya". Sarufi ya kwanza ya Kihispania, ya Antonio de Nebrija, ilitoka mwaka 1492, na kufikia hapo mtindo huo ulikuwa umeshakomaa.

Je, ni lugha hizi mbili tu? Johan van der Auwera na Ludo Lejeune walizipanga lugha 495 za dunia kwa namna zinavyokataza, kazi iliyotoka mwaka 2005. Lugha zinazotumia amri ya kawaida na kikanushi cha kawaida zilikuwa 113 tu. Zilizobaki hubadilisha amri, au kikanushi, au vyote viwili. Njia ya mkato ya kukanusha amri kama inavyokanushwa kauli nyingine ni ya walio wachache.

CHUONI NA BARAZANI, HADI 1862

Pwani ililijua katazo kwa jina lake kabla ya Mzungu kuja na daftari. Mtoto aliyefika mbali chuoni, akaonja sarufi ya Kiarabu, alifundishwa kwamba kuna amri na kuna nahyi, na kwamba haya ni mambo mawili. Andika ni uktub. Usiandike ni la taktub. Ile ta- ya taktub ni wewe. Kwa hiyo Kiarabu nacho, kikikataza, hukiacha kitenzi cha amri na kumrudisha mtu ndani ya neno. Shehe wa Pangani aliyekuwa akiwafasiria wanafunzi wake hakuwa na taabu hata kidogo: la taktub iliingia katika usiandike kama mkono katika kanzu. Nadhani hii ni moja ya sababu kwa nini Kiswahili, pamoja na kuazima maneno mengi ya Kiarabu, hakikuhitaji kuazima kikatazo chenyewe.

Maneno kilichukua: amri, haramu, marufuku, nasaha. Na vitenzi vilivyochukuliwa vilileta tatizo dogo lenye matokeo makubwa. Sahau, samehe, rudi na jaribu havikubali kiishio -e. Hatusemi "usisahae". Tunasema usisahau, na mwisho wa neno haujasogea. Katika vitenzi hivyo mzigo wote wa kukataza uliiangukia usi-, na usi- ikaubeba. Ndiyo maana leo sikio letu husikia katazo mwanzoni mwa neno, wala si mwishoni.

Huko kaskazini, katika Pate, Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mnamo 1858 kumwachia binti yake wosia. Ni kazi ya kuamrisha na kukataza tangu mwanzo hadi mwisho, lakini hakuna anayeisoma kama orodha ya sheria, kwa sababu anayesema ni mama mgonjwa na umbo analotumia ni lile lile la kuomba. Kusini na kaskazini huachana kidogo hapa. Mtu wa Mombasa na Lamu hupenda kuidondosha ile u: sifanye, sinambie. Mtu wa Unguja na Mrima huitamka yote. Tofauti ndogo, ila itakuja kuwa na maana mwaka 1928.

Bara, juu ya Makuyuni, kulikuwa na dola ya Wakilindi. Masimulizi yanasema mwanzilishi wake, Mbegha, alitoka Unguu akiwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na kwa desturi ya siku zile mtoto wa namna hiyo hakutakiwa kuishi. Mtu aliyekatazwa kuwapo ndiye aliyekuja kuwa na haki ya kuwakataza wengine kutoka Vuga, makao ya wafalme. Huko katazo kubwa halikuwa kitenzi, lilikuwa nomino: mwiko, au mzio. Mwiko haumtaji mtu wala haumsubiri akosee. Upo tu, kama jiwe njiani. Neno mzio siku hizi madaktari wamelipa kazi nyingine, ya mwili unaokataa chakula au vumbi, na sioni kama wamekosea.

Mjukuu wa ukoo huo, Kimweri ye Nyumbai, alikufa mnamo 1862, na baada yake nchi ikapasuka kwa vita vya jamaa. Mwanawe Semboja akajiweka Mazinde, chini kabisa bondeni, penye njia ya misafara ya kutoka Pangani kwenda Uchagani na Umasaini. Kutoka hapo Kiswahili hakikuwa tena lugha ya kusikia kwa mbali. Kilikuwa lugha ya kuuza na kununua, ya bunduki, ya barua, na, kwa bahati mbaya kwa wengi, ya biashara ya watu.

KALAMU YA KRAPF NA STEERE, 1844 HADI 1882

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na katika miezi ya mwanzo akamzika mkewe na mtoto wake. Hakuondoka. Mwaka 1848, kisha tena 1852, alipanda hadi Vuga kuonana na Kimweri. Katikati ya safari hizo, mwaka 1850, kitabu chake cha misingi ya sarufi ya Kiswahili kilichapwa Tübingen. Kwa mara ya kwanza viambishi vya kukataza vilipangwa katika majedwali ya kuchapwa. Krapf alikuwa amejifunzia Mombasa, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha huko.

Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa misheni iliyojulikana kwa ufupi kama UMCA. Huyu alikuwa mwanasheria wa kusomea, na mtu aliyependa kuchapa vitabu kwa mkono wake. Haikupita miaka mitatu akawa ameshachapa Unguja mkusanyo wa Kisambaa, mwaka 1867, na mwaka 1870 kikatoka kitabu chake cha Kiswahili "kama kisemwavyo Unguja". Kumbuka mpangilio huo: kijitabu cha lugha ya milima iliyo juu ya Makuyuni kilitangulia kitabu kilichokuja kuwa msingi wa Kiswahili cha shuleni. Misheni yake ilikuwa inautazama Usambara tangu siku za mwanzo, na kituo cha Magila, sasa Msalabani wilayani Muheza, kilianza miaka hiyo hiyo.

Steere na waliomfuata walikuwa na kazi moja isiyokwepeka: kuzifasiri zile amri kumi za Musa, ambazo nyingi ni makatazo. Hapa lugha za dunia hutofautiana kwa namna inayopendeza. Biblia ya Kihispania iliyozoeleka, kwa kufuata Kilatini, haikatazi kuua kwa ile no hables niliyoieleza. Inatumia wakati ujao, kana kwamba inatabiri kuwa wewe hutaua. Ni kauli ya mfalme ambaye hana shaka kwamba atatiiwa. Kiswahili kingeweza kufanya hivyo. Hutaua ni neno sahihi. Wafasiri hawakulitaka. Walikwenda kwenye usi-, na tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 ikaendelea nayo. Matokeo yake, amri za mlimani zilishuka kwa Waswahili katika umbo lile lile ambalo bibi humwambia mjukuu asichezee moto. Wengine wataona zimepungua ukali. Mimi naona zimekaribia.

Steere alikufa Unguja Agosti 1882. Mwaka huo huo kamusi kubwa ya Krapf ilitoka London, naye Krapf alikuwa ameshafariki mwaka uliotangulia.

MSALABANI NA MAZINDE, MIAKA YA 1890

Katika miaka ya 1890 mtambo wa kuchapa wa Magila ulitoa Habari za Mwezi, gazeti dogo la Kiswahili lililosomwa na walimu na wanafunzi wa misheni. Mtambo huo ndio uliotoa pia kitabu ambacho kwangu ni cha thamani kuliko sarufi zote za wakati ule: Habari za Wakilindi, cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, kilichotoka kwa sehemu kati ya 1895 na 1907. Mwandishi alikuwa Mwislamu wa pwani aliyemtumikia Semboja Mazinde. Wachapaji walikuwa wamisionari. Habari ni za wafalme wa milimani. Watu hawa watatu wasingeswali pamoja, lakini walikubaliana juu ya lugha.

Ukitaka kujua watu wa bonde hili walivyokuwa wakiamriana na kukatazana kabla Mjerumani hajaweka boma, soma humo. Wafalme hutuma wajumbe, wazee hushauri, waganga huweka miiko, na maneno yao yamewekwa vinywani mwao kwa Kiswahili cha Mrima. Utaona tofauti ambayo sarufi za wageni zilichelewa kuiona: kati ya usifanye, ambalo ni katazo, na usije ukafanya, ambalo ni tahadhari. Usile hiki: nakuzuia. Usije ukala hiki: nakuogopea. Lile usije tuliloanza nalo, ukanushi wa njoo, limeacha kuwa kitenzi cha mwendo na limekuwa chombo cha kuonya. Kihispania nacho hufanya karibu hivyo hivyo kwa kitenzi chake cha kwenda: no vayas a caerte, usije ukaanguka.

Na tusichanganye na usipo-. Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta haimkatazi mtu kitu. Inamwambia litakalompata. Wanafunzi wa Kiswahili huanguka hapo kila mwaka, kwa kuwa sikio limeshazoea kwamba usi- ni kizuizi.

RELI, MKONGE NA "HAPANA", 1893 HADI 1939

Mwaka 1893 mambo mawili yalianza. Tanga, Wajerumani walianza kujenga reli ya Usambara. Na mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, kwa hiyo Makuyuni ilipata garimoshi katikati ya miaka hiyo. Mkonge ulifuata reli. Ngombezi, Makuyuni, Mazinde: bonde zima likawa safu za kijani kilichonyooka kama karatasi ya mistari.

Wakati huo huo serikali ya Kijerumani ilikiajiri Kiswahili. Shule ya Tanga ilitoa makarani na maakida, na gazeti lake, Kiongozi, lilianza mwaka 1904. Amri za serikali ziliandikwa na watu waliokijua Kiswahili vizuri, na usi- haikupata jeraha katika karatasi hizo. Jeraha lilikuwa shambani.

Mkonge ulitaka mikono mingi kuliko watu wa bondeni waliokuwa tayari kuutumikia. Wasambaa na Wazigua walikuwa na mashamba yao. Mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal, sasa Lushoto, iliweka kipande, kadi iliyomlazimu mtu kutimiza siku 30 za kazi. Baadaye, hasa wakati wa Waingereza, walikuja manamba: watu wa Songea, Ubena, Unyamwezi, Usukuma, Umakonde, hata Rwanda na Burundi, kila mmoja akiwa na namba yake. Waliokutana kambini hawakuwa na lugha moja ya nyumbani, na wenye mashamba walikuwa Wajerumani, Wagiriki, Waswisi, Wahindi, Waingereza. Kilichobaki ni Kiswahili, lakini Kiswahili kilichovuliwa nguo.

Kisetla, kama walivyokiita Kenya ambako kilishika zaidi, hakina usi-. Bwana shamba hakuwa na muda wa kujifunza kwamba njoo inakuwa usije na kula inakuwa usile. Alikuwa na neno moja la kukataa, hapana, akalibandika mbele ya kila kitenzi: hapana piga kelele, hapana lala, hapana kwenda. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu chake Up-Country Swahili, kwa ajili ya askari, walowezi, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao. Jina hilo peke yake linaonyesha wanafunzi waliotarajiwa ni kina nani, na wanataka kuzungumza na nani.

Watu huicheka hapana piga kelele kwa sababu ni makosa. Mimi naona kinachokera zaidi ni kile ilichokitoa. Imeondoa u, kwa hiyo anayekatazwa hayumo tena ndani ya neno. Imeondoa -e, kwa hiyo ombi halimo. Kimebaki kitenzi tupu na ukuta mbele yake. Hakuna aliyeketi kuipanga iwe hivyo. Ilitokana na uvivu wa mwenye mamlaka, na mamlaka ikiwa na uvivu haihitaji sarufi. Manamba walielewa walichoambiwa. Kambini jioni, wao kwa wao, walirudi kwenye usi-, maana wengi walikuwa na kitu cha namna hiyo katika lugha za kwao.

MOMBASA 1928, NA BAADA YAKE

Vita vya Kwanza vilipita bondeni upesi: Korogwe na Handeni zilitekwa na Waingereza Juni 1916. Kilichofuata kwa upande wa lugha kilikuwa kirefu zaidi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ambao mwanaisimu Carl Meinhof wa Hamburg alihudhuria, uliamua kwamba Kiswahili cha vitabu kitakuwa cha Unguja. Kamati ya Lugha ya maeneo yote manne ya Afrika Mashariki yaliyokuwa chini ya Waingereza ilianza kazi Januari 1930, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson, ambaye kamusi yake ilitoka 1939. Mwaka 1944 E. O. Ashton alichapisha sarufi iliyotawala madarasa kwa miongo mingi.

Kwa katazo, uamuzi wa Mombasa ulikuwa na maana mbili. Usifanye ya Unguja na Mrima ikawa ndiyo ya kuandika, na sifanye ya kaskazini ikabaki ya mdomoni na ya washairi, ambako haijafa. Na hapana fanya ikafungiwa mlango wa shule. Lugha ya bwana shamba haikupewa hata kiti cha nyuma katika kitabu cha Ashton. Wakoloni wale wale waliotawala mashamba waliidhinisha sarufi ambayo mashamba yao hayakuifuata.

Nje ya Kamati kulikuwa na Karl Roehl, mmisionari aliyekuwa ameandika sarufi ya Kisambaa mwaka 1911, ambaye Biblia yake ya Kiswahili ya 1937 ilijaribu kupunguza maneno ya Kiarabu na kukirudisha Kiswahili kwenye Ubantu. Alifuta mengi. Katazo hakuwa na la kulifanyia, maana usi- ni ya Kibantu tangu kucha hadi utosi.

"ASIWE", 1967

Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Bondeni Korogwe watu hulikumbuka kwa sababu mwaka huo mkonge ulitaifishwa, na mashamba mengi yaliyokuwa na majina ya kampuni yakawa ya umma. Mimi nalikumbusha kwa sababu nyingine. Kwa zaidi ya miaka mia moja katazo katika bonde hili lilishuka: kutoka kwa mfalme, kwa akida, kwa bwana shamba, kwenda kwa mtu wa chini. Sehemu ya Azimio inayohusu uongozi iligeuza mkondo. Iliwakataza viongozi: kuwa na hisa, kuwa na mishahara miwili au zaidi, kupangisha nyumba. Na umbo lililotumika lilikuwa la nafsi ya tatu, asiwe.

Lugha ilikuwa na nafasi hiyo tangu zamani. Amri tupu ya Kiswahili hufika kwa aliye mbele yako tu: soma, someni. Haimfikii asiyekuwapo. Umbo la -e humfikia kila mtu, na si humfuata popote: nisiwe, tusiwe, asiwe, wasiwe. Umbo lisilopanda vyeo ndilo lililofaa kuwapandia wenye vyeo. Na jina walilolipa masharti hayo lilitoka mbali zaidi ya Arusha: miiko ya uongozi. Neno la enzi za Vuga likaingia katika siasa ya ujamaa, na wazee wa Usambara hawakuhitaji kufasiriwa. Miiko hiyo ililegezwa mwaka 1991 kwa Azimio la Zanzibar. Neno limebaki, watu hulitamka wakiwa na sura mbili.

MARUFUKU

Hati ya haki iliyoingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984 inakataza kumtesa mtu, na neno ililolichagua ni marufuku. Sheria haisemi nawe, inasema na yeyote, kwa hiyo inahitaji katazo lisilo na mtu ndani yake, na Kiarabu kilikuwa kimetuachia moja zuri. Tatizo ni kwamba marufuku, na mwenzake hairuhusiwi, hayakubaki mahakamani. Yamehamia kwenye vibao vya ofisi, vya stendi, vya hospitali, hata vya mageti ya watu binafsi. Kuingia bila ruhusa ni marufuku. Hairuhusiwi kukaa hapa. Nani haruhusu? Kibao hakisemi. Hapana ya bwana shamba ilimwondoa anayekatazwa. Hairuhusiwi inamwondoa pia anayekataza.

Sisemi maneno hayo yafutwe, yana kazi yake. Ila kibao kisemacho usitupe taka hapa kinanitazama usoni, na kile kisemacho utupaji wa taka hauruhusiwi kinatazama pembeni. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, kwa hiyo waandishi wa sheria wana kazi kubwa ya kukataza kwa Kiswahili mbele yao, na wataamua wenyewe watamtaja mtu au watamficha.

Kihispania na Kiswahili vimekutana rasmi barani mwetu. Marekebisho ya hati ya Umoja wa Afrika ya mwaka 2003 yanazitaja lugha hizo mbili katika orodha moja, Kihispania kikija na Guinea ya Ikweta, ambako watu wengi nyumbani husema Kifang na Kibubi, lugha za Kibantu. Mtoto wa huko anajifunza no hables shuleni. Mtoto wa Makuyuni anaijua usiseme kabla hajaota meno yote, ya juu au ya chini.

Vitabu vya Krapf, Steere na Ashton vipo maktaba, na Habari za Wakilindi kilichapwa tena mwaka 1962. Kilichokosa kitabu ni Kiswahili cha kambi za mkonge: maneno yenyewe yaliyotumika shambani kumwita mtu, kumhimiza, kumzuia. Kama una mzee Makuyuni, Ngombezi au Mazinde aliyewahi kubeba kipande, muulize mnyapara alikuwa akisemaje, na wao walijibuje, kisha uandike kama anavyotamka bila kumsahihisha. Waliobaki ni wachache.